Gesi Ipo Msimbati, Cheti Kipo Wapi?



Likitoka tangazo la kazi la kiwanda au mradi wowote wa huku kwetu kusini, jua halizami kabla halijazunguka katika makundi ya WhatsApp ya VIWAWA, ya kwaya na ya jumuiya ndogondogo. Vijana hulisoma kwa hamu mpaka wanapofika kwenye sifa za mwombaji. Hapo wengi husimama. Fundi mitambo anatakiwa awe na stashahada au cheti cha VETA cha ngazi ya juu, pamoja na uzoefu wa miaka mitatu au mitano. Fundi umeme awe na leseni. Mchomeleaji awe amepimwa na kuthibitishwa. Mchambuzi wa takwimu awe na shahada ya takwimu, uchumi au kompyuta, na ajue programu ambazo kijana wetu hajawahi hata kuzisikia majina. Zinazobaki ni kazi zisizodai sifa: kubeba, kupakia, kufagia, kulinda geti.

Kazi hizo si za kudharauliwa, na wapo akina baba na akina mama wengi waliosomesha watoto kwa jasho la kibarua. Lakini kijana anapokuwa hana mlango mwingine ila huo, katika mkoa wenye gesi, saruji, bandari na korosho, Kanisa haliwezi kusema kwamba jambo hilo ni la serikali na makampuni peke yao.

Hoja yangu ni hii. Malalamiko yetu juu ya ajira yana haki ndani yake, lakini tumezoea kuyatoa siku tangazo linapotoka, wakati sifa zinazodaiwa katika tangazo hilo huanza kujengwa miaka saba au minane kabla. Anayekaa na mtoto kwa miaka hiyo yote ni familia, shule na parokia. Kwa hiyo tunapouliza kazi zimekwenda wapi, tujiulize pia sisi tulikuwa wapi mtoto alipokuwa kidato cha pili.

Tulivyo navyo

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Ilikaa chini ya ardhi miaka zaidi ya ishirini kabla ya kuanza kuzalisha umeme wa mikoa yetu. Oktoba 2015 lilizinduliwa bomba la zaidi ya kilomita 500 linaloipeleka gesi kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Mwezi huohuo kikazinduliwa kiwanda cha saruji cha Dangote, chenye uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka. Bandari yetu imeongezewa gati jipya la mita 300. Korosho ni zao letu la tangu zamani, na Bodi ya Korosho yenyewe ina makao yake hapa Mtwara, kama ilivyo kwa watafiti wa TARI Naliendele.

Kati ya ugunduzi wa gesi na uzinduzi wa bomba kuna jambo ambalo wazee wa Mtwara hawajalisahau. Januari na Mei 2013 watu waliingia barabarani kuipinga safari ya gesi kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa na mali ziliteketea. Tunaweza kubishana juu ya mengi yaliyofanyika siku zile, lakini swali lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa la haki: sisi tutapata nini? Walioahidi walijibu kwa neno "ajira". Neno hilo halikufafanuliwa. Ajira ya nani, ya kazi gani, kwa cheti kipi, kilichosomewa wapi?

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2017 zinataka Watanzania wapewe kipaumbele katika ajira na mafunzo ya sekta hiyo. Ni jambo jema. Hata hivyo sheria inaweza kumfungulia mtu mlango, haiwezi kumfundisha kuchomelea.

Ngazi ya fundi

Wazazi wengi hawaijui ngazi yenyewe, kwa hiyo naomba niieleze kwa ufupi.

Upande wa ufundi stadi, VETA hutoa vyeti vya ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Upande wa ufundi wa kati, vyuo vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) hutoa astashahada katika ngazi ya 4 na ya 5, na stashahada katika ngazi ya 6. Anayetoka kidato cha nne na kutaka stashahada ya ufundi anatakiwa awe na ufaulu wa angalau masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Sisi tuliolelewa seminarini tulizoea kujivunia alama nzuri za Maarifa ya Biblia. Nasi tuzidi kuzipenda, lakini tuwaambie wadogo zetu ukweli: kwa mlango wa chuo cha ufundi alama hizo hazisaidii. Kinachotazamwa ni hisabati, fizikia, kemia na Kiingereza. Na hisabati ndilo somo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa wengi zaidi wa kidato cha nne nchini hulifeli kuliko wanaolifaulu.

Cheti nacho si mwisho wa ngazi. Anayetaka kufunga umeme kwa jina lake mwenyewe anahitaji leseni ya EWURA, ambayo ina madaraja yake. Mchomeleaji wa mabomba ya gesi hapimwi kwa kuulizwa maswali. Anapewa bomba lililofungwa likiwa limelala nyuzi 45, haruhusiwi kuligeuza, naye anatakiwa kulichomelea mzunguko mzima, mara mkono ukiwa juu, mara chini ya bomba. Kisha kiungo chake hukatwa na kupindwa, au hupigwa picha ya eksirei kuona kama kuna tundu ndani. Kasoro ikizidi kiwango kinachoruhusiwa, ameshindwa. Anayefaulu hapo anaweza kufanya kazi Madimba, Tanga au ng'ambo, kwa kuwa chuma hakiulizi mtu katoka kijiji gani.

Katika kiwanda cha saruji mambo ni hayohayo. Chokaa husagwa, huchanganywa na udongo, huingizwa katika tanuri linalofikia joto la nyuzi 1,450 hivi, hutoka ikiwa klinka, kisha husagwa pamoja na jasi. Anayekaa chumba cha kuongozea mitambo huona tarakimu tupu kwenye kioo: joto, mgandamizo, kasi, hewa. Akizisoma vibaya, tanuri linaharibika na kiwanda kizima kinasimama. Fundi wa leo basi hawezi kuwa mtu wa spana tu. Anasoma tarakimu, anaandika ripoti, anajua ni kitu gani kimebadilika tangu jana.

Kiwanda cha kubangua korosho tunakiona kuwa kazi rahisi, kwa kuwa bibi zetu walibangua kwa moto na jiwe. Lakini nacho kina mwendeshaji wa boila, ambaye akikosea anaweza kuua watu. Kina fundi wa mashine za kukata, kina mtu wa maabara anayepima unyevu, kina wapanga madaraja wanaojua kwamba korosho ya W320 ni ile inayotoa takriban vipande vizima 320 kwa ratili moja. Nchi yetu ilijenga viwanda zaidi ya kumi vya korosho kwa mikopo katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mitambo ya Kijapani na Kiitaliano. Vingi vilifungwa, vingine vikageuzwa maghala. Sababu zilikuwa nyingi: korosho zenyewe zilipungua, uendeshaji ulikuwa mbovu, soko liliyumba. Lakini na ufundi ulikuwa mojawapo, maana mtambo ulioletwa bila watu wanaoujua hugeuka chuma chakavu ukiwa bado mpya. Leo korosho yetu nyingi bado inakwenda India na Vietnam ikiwa ghafi, na kule wapo wanaolipwa kwa ujuzi wa kuibangua.

Takwimu si za Dodoma peke yake

Mtu akisikia "mchambuzi wa takwimu" hufikiria ofisi yenye kiyoyozi Dodoma. Kumbe takwimu ziko mlangoni petu. Karani wa AMCOS anayepima korosho na kuandika kilo ni mtu wa takwimu. Muuguzi wa zahanati anayejumlisha wagonjwa wa mwezi na kuwaingiza katika mfumo wa wizara ni mtu wa takwimu. Katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, mtu anayesimama pwani kuandika ni ngalawa ngapi zimerudi na samaki wa aina gani ni mtu wa takwimu. Katika Sensa ya Agosti 2022 tulihesabiwa Watanzania 61,741,120, na vijana wetu wengi walishika vishikwambi wakapita nyumba kwa nyumba. Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Wangapi kati yao waliambiwa kwamba walichokifanya ni hatua ya kwanza ya taaluma, na kwamba Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1961 pale Dar es Salaam, kinafundisha taaluma hiyo kuanzia cheti hadi shahada za juu?

Sifa za kazi hii zinatisha kwa majina kuliko kwa undani. Msingi wake ni hisabati ya sekondari, uaminifu wa kuandika kilichopo, na kujua kutengeneza jedwali safi katika Excel. Juu yake huja takwimu zenyewe: wastani, sampuli, makosa ya vipimo. Halafu huja lugha za kompyuta kama SQL, R na Python. Hizi mbili za mwisho hupakuliwa bure, na kijana mwenye kompyuta ya mtumba anaweza kuanza kujifunza. Shahada hutakiwa kwa kazi za juu, ni kweli. Lakini ukarani na uchakataji hufikiwa kwa cheti au stashahada, na huko ndiko uzoefu unakopatikana.

Sasa tazama takwimu zinavyogusa haki. Korosho yetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007, na tangu 2024 minada huendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei ya mnada hutangazwa, mkulima hulipwa baada ya makato. Mama mjane wa kigangoni akipokea ujumbe wa malipo, nani atamsaidia kulinganisha kilo alizopeleka, bei ya mnada ule, makato yaliyoidhinishwa na fedha iliyoingia? Ni mahesabu ya jedwali moja. Kijana anayeyaweza analinda mkate wa jumuiya nzima. Na kangomba, ile inayomnyonya mkulima kwa kununua korosho yake kwa bakuli kabla ya msimu, hustawi zaidi pale ambapo mkulima hana mizani wala kumbukumbu.

Kanisa letu limewahi kulielewa jambo hili. Mwaka 2012 kamati ya pamoja ya Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA ilitoa ripoti juu ya mapato ya kodi yanayoipotea nchi, na jina la ripoti lenyewe lilitaja dola bilioni moja. Viongozi wa dini hawakusimama tu kusema kwamba maskini wanaonewa. Walileta tarakimu mezani, nayo serikali ikabidi izisome. Hiyo ilikuwa sauti ya kinabii iliyopitia katika mikono ya wachambuzi.

Somo la karanga

Mtwara ina historia yake ya kitu kinachotokea tarakimu zinapokosekana. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza walizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa wakitazama kutoka ndege, kisha wakaandika kwamba karanga zitastawi. Mwaka 1947 Mpango wa Karanga ukaanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya mpango huo ilijengwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, na reli ya kwenda Nachingwea. Kumbukumbu za mvua hazikutosha, udongo wa Kongwa ulikuwa ukikauka unakuwa kama saruji, na matrekta yaliyoletwa yaliharibika upesi kwa kukosa mafundi na vipuri. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Reli yetu iling'olewa miaka ya 1960. Bandari ilibaki.

Waliopanga walikuwa na fedha na walikuwa na serikali. Walichokosa ni vile vitu viwili ninavyovizungumzia hapa: watu wa kupima hali halisi kabla ya kuamua, na mafundi wa kuitunza mashine baada ya kuinunua.

Waajiri nao waulizwe

Ningekuwa nimedanganya kama ningeishia kuwalaumu vijana na wazazi. Yako masharti katika matangazo ambayo hayana uhusiano na kazi yenyewe. Kudai uzoefu wa miaka mitano kwa nafasi ya chini kabisa ni kumwambia kila mhitimu kwamba hatapata kazi mpaka awe na kazi. Kudai shahada kwa kazi ya kuingiza tarakimu kwenye kompyuta ni kuifanya karatasi kuwa ukuta. Na lipo lile la kujuana, ambalo kila mtu analijua na halimo katika tangazo lolote.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitufundisha kumtofautisha mwajiri anayemlipa mtu mshahara na yule mwajiri asiye wa moja kwa moja: dola, taasisi na mifumo yote inayoamua mtu ataajiriwaje. Huyu wa pili naye ana wajibu wa haki. Kwa maneno ya huku kwetu, anayepanga sifa za kazi, anayepanga mitaala na anayeamua karakana ijengwe wapi, wote wana sehemu katika riziki ya kijana wa Madimba. Na shule, vyuo na parokia zetu hazijatengwa na orodha hiyo. Baba Mtakatifu Leo XIV alipochaguliwa Mei 2025 aliwaeleza makardinali kwamba jina lake linamkumbuka Leo XIII na waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, kwa sababu leo Kanisa linakabili mapinduzi mengine ya viwanda pamoja na akili mnemba. Swali la fundi wa Mtwara liko katikati ya mambo ambayo Baba Mtakatifu mwenyewe ameyaweka mbele yetu.

Ipo njia ambayo waajiri wangeweza kuitumia zaidi. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi aliyejifunza kwa mjomba wake gereji hupimwa, hujazwa pale anapopungukiwa, kisha hupewa cheti. Upo pia uanagenzi, ambapo mwanafunzi hukaa sehemu ya muda chuoni na sehemu kiwandani. Tume ya Haki na Amani ya jimbo ikikaa na waajiri, isiombe nafasi kwa majina ya watu, maana huko ndiko kwenye kujuana. Iombe nafasi za uanagenzi kwa idadi, zishindaniwe kwa haki, na iombe kila sharti la kazi liwe na sababu.

Wanaopinga wanasemaje

Wako watakaosema: "Frateri, wahitimu wa VETA wamejaa mitaani hawana kazi." Ni kweli wapo. Kiwanda cha kisasa kina mitambo mingi na watu wachache, na hakuna kiwanda kitakachoajiri mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.6. Pia tumejifunza kwamba kumwandaa kijana kwa mradi mmoja ni kucheza kamari. Miaka ile ya 2012 hadi 2014 kila mtu Mtwara na Lindi alitaka kozi ya gesi. Bei ya mafuta duniani ilipoanguka, shughuli za utafiti baharini zikapungua, na kiwanda cha kusindika gesi cha Lindi kimebaki katika mazungumzo marefu. Ndiyo sababu nasema tuwafundishe vijana ujuzi unaotembea. Mchomeleaji anayekosa kazi ya bomba anatengeneza mageti, matela na mashine za kubangua. Fundi umeme anakwenda hospitali, shule na mashine za maji. Mtu wa takwimu anahitajika AMCOS, halmashauri, benki na hata ofisi ya parokia. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini lazima awe na nyavu.

Wengine watasema kazi ya Kanisa ni roho za watu. Hawa nawakumbusha Ndanda. Wabenediktini walipofika pale mwaka 1906 walijenga kanisa, na kando yake karakana, hospitali na shule. Mabruda waseremala, mafundi chuma na wachapaji hawakujiona kuwa watawa wa daraja la pili. Mafundi wengi wa kusini wa kizazi kilichopita walishikia randa mikononi mwao au mikononi mwa wanafunzi wao. Maandiko nayo yanatuambia, katika Kutoka sura ya 31, kwamba Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili ajue kufanya kazi ya dhahabu, shaba, mawe na mbao. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anakiri kwamba bila mafundi mji haukaliki. Na Mkombozi wetu alijulikana kijijini kwake kwa kazi ya karakana.

Kinachonisumbua zaidi ni dharau yetu wenyewe. Mtoto akifeli tunasema "basi aende VETA", kama vile tunampeleka jela. Akiondoka seminarini kwa kutambua kwamba si wito wake, tunamtafutia shahada yoyote, hata isiyo na kazi, ili mradi aitwe msomi. Watu wa kusini tunapaswa kuwa wa mwisho kuudharau mkono wa fundi, sisi ambao vinyago vya Wamakonde vinatutambulisha duniani kote, na pwani yetu ya Mikindani na Msimbati imejaa waunda vyombo wanaojua kupinda ubao bila kuuvunja. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wetu tumewanyang'anya hata mvukuto.

Parokia ifanye nini

Sipendekezi kujenga chuo. Napendekeza mambo ambayo parokia inaweza kuyaanza mwaka huu.

La kwanza, hisabati. Frateri aliye katika mwaka wa kichungaji, mwalimu mstaafu na mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris wanaweza kufundisha hisabati na fizikia kigangoni kila Jumamosi alasiri, kuanzia kidato cha kwanza. Samaki mkunje angali mbichi. Kidato cha nne ni kuchelewa.

La pili, orodha. Tujue katika kila jumuiya nani ana ujuzi gani, ana cheti gani, na amekwama wapi. Jedwali moja tu. Vijana wenyewe walitengeneze, na kwao litakuwa zoezi la kwanza la takwimu. Lakini tuwe waangalifu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi. Mtu aulizwe kama anakubali, aelezwe orodha ni ya nini, na namba yake ya simu isizungushwe ovyo. Mfalme Daudi aliwahesabu watu, na 2 Samweli 24 inatuonyesha kwamba hesabu ile haikuleta heri. Wazee wa Kanisa wamelieleza kuwa lilikuwa jambo la majivuno. Sisi tuhesabu ili tutumikie.

La tatu, vyeti vya waliokwisha kujua. Kila parokia ina fundi wa miaka ishirini ambaye hana karatasi. Mfuko wa parokia, au WAWATA na UWAKA kwa pamoja, uwasaidie wawili au watatu kila mwaka wapimwe VETA. Hao ndio watakaowapokea wanagenzi.

La nne, wasichana. Tukitangaza nafasi za uchomeleaji, umeme na kompyuta, tuseme kwa jina kwamba binti zetu wanaalikwa, na wazazi wao tuzungumze nao. Ubanguaji wa korosho unabebwa na akina mama. Sioni sababu ya ufundi wa mashine zilezile kuachiwa wanaume peke yao.

La tano, mimbari. Mei Mosi ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955. Siku hiyo mafundi waje kanisani na zana zao, zibarikiwe mbele ya waamini wote: mwiko, spana, mashine ya kuchomelea, mizani ya AMCOS, na kompyuta ya karani. Mtoto aliye benchi la mbele aone kwamba vitu hivyo vinapita njia ileile ya kati anayopita padre.

Mafrateri wenzangu, kesho tutakuwa maparoko katika vijiji hivi. Tutaletewa barua za kuomba tumwombee fulani kazi kwa meneja fulani. Ni vigumu kumkatalia mama anayelia, na tutaandika barua hizo. Lakini ikiwa miaka saba kabla ya barua ile tulikuwa na darasa la hisabati kigangoni, huenda kijana yule akaenda kwa meneja na cheti chake mwenyewe mkononi, wala asihitaji barua yetu.